Kabla ya kuchapa lebo, jua unamuuzia nani



Kila mavuno yakikaribia napata wageni wa aina moja. Mtu anakuja ofisini, au ananisimamisha njiani nikiwa kwenye pikipiki, anatoa simu na kunionyesha picha ya lebo. Ina ua la alizeti, ina jina la biashara, ina rangi ya njano na kijani. "Bwana shamba, unaionaje hii? Nataka kuanza kuuza mafuta yangu mwenyewe." Wengine lebo zao ni za unga wa lishe, wengine asali, wengine pilipili ya kusaga.

Mimi humjibu kwa swali: nani atanunua, na leo huyo mtu anatumia nini? Wengi hunyamaza. Mmoja aliniambia, "Bwana shamba, mafuta kila mtu anakula." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike leo.

Maoni yangu ni kwamba lebo ni kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza ni mkakati wa bidhaa. Neno hili linatisha, lakini maana yake ni kuamua mambo manne: unamuuzia nani, unamwondolea shida gani, kwa nini akuchague wewe na si mwingine, na kitu gani hutakifanya hata kama kina wateja. Najua wapo maofisa wenzangu wanaofundisha kuanza na vifungashio. Mimi pia nilifundisha hivyo, na watu walipoteza fedha kwa ajili yangu.

Kosa nililolifanya

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia kikundi cha wakulima wa alizeti huku kanda ya kati, watu kumi na wawili. Walikuwa wanauza mbegu kwa walanguzi Mei na Juni, wakati kila mtu anavuna na bei iko chini. Nikawashauri waongeze thamani: wakamue, wafungashe, wauze mjini. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Ubaya ni mahali nilipoanzia. Nilianzia kwenye chupa.

Tulinunua chupa za nusu lita na kuchapisha lebo nyingi, kwa sababu mchapaji alisema ukichapa nyingi bei inashuka. Kila mwanachama alichanga. Mama mmoja alikopa mchango wake kwenye VICOBA. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nakuamini wewe."

Katoni za kwanza tulizipeleka kwenye duka kubwa la mjini. Meneja alitupokea vizuri, akauliza mambo matatu. Alama ya ubora ya TBS iko wapi? Mistari ya bakodi iko wapi? Je, mnaweza kusubiri malipo siku 45? Hatukuwa na jibu hata moja. Tukarudi na katoni zetu, tukazigawa kwenye maduka ya mtaani kwa mali kauli. Wenye maduka wakazipanga mbele, juani, kwa sababu mafuta ya alizeti yakipigwa na jua yanang'aa na kuvutia macho. Ukipita barabara kuu kati ya Dodoma na Singida umeyaona mafuta yaliyopangwa mezani hivyo hivyo.

Jua linavutia wateja, lakini linaua mafuta. Mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyoyafanya yachache. Baada ya wiki chache chupa zilianza kurudishwa zikinuka. Lebo zilizobaki ziko kwenye boksi stoo hadi leo. Yule mama alilipa mkopo wake kwa kuuza mbuzi wawili. Hakunilaumu, ila kwa muda mrefu salamu yake kwangu ilikuwa fupi.

Nikijiuliza tulikosea wapi, jibu ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekaa na mtu anayepika akamuuliza ananunuaje mafuta. Tulijua kila kitu kuhusu alizeti, na hatukujua chochote kuhusu mnunuzi.

Wenzetu wa makampuni wanafanyaje?

Kwenye makampuni makubwa kuna mtu anaitwa meneja wa bidhaa. Si lazima awe fundi anayetengeneza wala muuzaji anayezunguka. Kazi yake ni kusimama katikati: amjue mnunuzi, ajue uwezo wa kampuni, kisha aseme tutengeneze hiki, kwa mtu huyu, tuanze na hili, lile lisubiri. Ukiwa mkulima mdogo au una duka la kijijini, meneja huyo ni wewe. Hakuna mwingine atakayekufanyia.

Mfano mzuri unao mkononi. Ni M-Pesa.

Huduma hii ilianza kama majaribio nchini Kenya mwaka 2005. Vodafone ya Uingereza na Safaricom ndio waliokuwa nayo, kwa msaada wa fedha kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza, na miongoni mwa waliosimamia kazi walikuwa Nick Hughes na Susie Lonie. Wazo la kwanza halikuwa kutumiana pesa kama tunavyofanya leo. Lilikuwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi moja ya mikopo midogo wapokee mikopo na kurejesha kwa simu. Walijaribu kwa wateja mia chache tu, maeneo ya Nairobi na Thika.

Wakati wa majaribio wakaona watu wanafanya mambo ambayo hawakufundishwa. Mtu anamlipia mwenzake rejesho. Mwingine anawatumia pesa ndugu zake walio mbali. Mwingine anaweka pesa kwenye simu kabla ya safari, akifika anazitoa, ili asitembee na fedha mfukoni. Upande wa mikopo nao ulikuwa na ugumu wake, kwa sababu hesabu za taasisi na mikutano ya vikundi vya wakopaji havikuoana vizuri na mfumo mpya.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mkakati. Wangeweza kusema, "Tulipanga mikopo, lazima iwe mikopo." Au wangeweza kuweka kila kitu kwa pamoja: mikopo, akiba, malipo na kutuma. Hawakufanya hivyo. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ahadi kwa wananchi ilikuwa moja na fupi: tuma pesa nyumbani. Kijana aliye Nairobi mwenye mama kijijini alielewa mara moja. Kabla ya hapo alikuwa anatuma kwa dereva wa basi au kwa mtu anayesafiri, huku moyo ukidunda.

Mikopo waliyoiweka kando ilirudi baadaye. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kupitia M-Pesa, ilianza Novemba 2012, miaka zaidi ya mitano baadaye, watu wakiwa tayari wanaiamini huduma. Kwa hiyo kukataa kitu leo si kukikataa maisha yote.

Na jambo jingine. Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, na hapa ilichukua muda zaidi kushika kuliko Kenya. Jina lilikuwa lile lile, lakini nchi ilikuwa nyingine. Basi usione jirani wa wilaya nyingine amefanikiwa na bidhaa fulani ukadhani ukiinakili itakwenda vile vile kwako.

Tuliporudi kuuliza

Baada ya hasara yetu niliwaomba wanachama wanipe nafasi ya pili, safari hii bila kununua chochote. Tuligawana watu wa kuwatembelea. Tulikatazana kusema "tunauza mafuta". Tulikuwa tunauliza tu: mara ya mwisho ulinunua mafuta lini, wapi, kiasi gani, kwa shilingi ngapi, na nini kilikuudhi?

Wa kwanza walikuwa wakaanga chipsi. Nilidhani ndio wateja wetu wakubwa, maana wanatumia mafuta mengi kila siku. Kijana mmoja alinijibu vizuri kuliko kitabu: "Mzee, mafuta yenu matamu, lakini yanapanda povu. Povu likijaa kwenye karai nasimamisha biashara." Ni kweli. Mafuta yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo na kuchujwa tu, bila kusafishwa kiwandani, hutoa povu na moshi mapema yakipata moto mkali. Mkaanga chipsi anataka mafuta ya bei ya chini yanayovumilia moto siku nzima, na mafuta ya mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia yanamfaa kwa hilo.

Wa pili walikuwa wenye maduka ya mtaani wanaouza mafuta ya kupima. Mnunuzi wao anakuja na shilingi mia tano anataka mafuta ya mboga ya jioni. Hapo ushindani ni wa bei ya kipimo tu. Mafuta yetu yalikuwa ghali zaidi, na hatukuwa na njia ya kuyashusha bila kujikata wenyewe.

Wa tatu walikuwa familia za watumishi: walimu, wauguzi, askari, makarani wa halmashauri. Wanapika nyumbani, mchuzi na mboga, si kukaanga kutwa. Wanapenda ladha ya alizeti. Nilitegemea watalalamikia bei, lakini wengi walilalamikia jambo jingine: "Nitajuaje kama hayajachakachuliwa?" Mwalimu mmoja alitueleza alivyonunua dumu barabarani, akaliweka kwenye friji, akakuta limeganda kuanzia katikati. Alijua kuwa ameuziwa mchanganyiko. Tangu siku hiyo alikuwa anamwagiza shemeji yake aliyeko kijijini, na shemeji mwenyewe anasahau.

Kitu kingine tulichogundua ni kwamba watu hawa hawanunui nusu lita. Wananunua mara moja kwa mwezi, mshahara ukitoka, lita 5 au 10, na wengine wanachanga watu wawili au watatu wanagawana dumu la lita 20. Sisi tulikuwa tumechapa lebo za nusu lita!

Wa nne hatukuwa tumewafikiria kabisa: wafugaji wa kuku na ng'ombe wa maziwa wanaotafuta mashudu. Kumbe tulikuwa na bidhaa mbili, na moja tulikuwa tunamwachia mwenye mashine.

Tulichoamua

Mkakati wetu uliandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Nauweka hapa karibu kama ulivyokuwa:

- Tunamuuzia nani: familia za watumishi wa makao makuu ya wilaya.
- Shida yake: anataka mafuta safi ya alizeti, hana anayemwamini.
- Kwa nini sisi: anatujua kwa sura, tunakamua kila mwezi, anaweza kuja kuona mashine ikikamua, yakiharibika tunamrudishia fedha yake.
- Bidhaa: dumu la lita 5 na la lita 20, lenye tarehe ya kukamua na jina la kijiji.
- Bidhaa ya pili: mashudu kwa wafugaji wa kata yetu.
- Hatufanyi mwaka huu: nusu lita, wakaanga chipsi, maduka makubwa, mali kauli.

Mstari wa mwisho ndio ulioleta ugomvi. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mteja amekuja na fedha zake, tunamkataaje?" Tulijadiliana mchana mzima. Mimi bado naamini mstari huo ndio mkakati wenyewe, na mingine yote inautegemea. Ukimchukua mkaanga chipsi, itabidi ushushe bei. Ukishusha bei, utashawishika kuchanganya mafuta. Ukichanganya, mwalimu amekwenda. Wateja wawili wanaweza kupingana ndani ya dumu moja.

Uamuzi ule ulibadilisha na kazi ya shambani. Ukiahidi mafuta ya kila mwezi, huwezi kukamua yote Julai. Lazima utunze mbegu, maana mbegu iliyokauka vizuri inatunzika kuliko mafuta. Ianikwe juu ya turubai, ipepetwe, ipangwe kwenye chaga mbali na ukuta, na panya wadhibitiwe. Lakini mkulima anadaiwa ada ya shule na deni la mbolea, hawezi kukaa na magunia yote hadi Januari. Kwa hiyo hatukumwomba mtu aweke mavuno yake yote. Kila mwanachama aliweka magunia mawili tu, mengine akauza kama kawaida yake. Mkakati usiolingana na mfuko wa mwenye nao ni hadithi tu.

Sitakudanganya kwamba tulitajirika. Mwaka wa kwanza watu wawili walijitoa. Tulikopesha baadhi ya wateja na wakatusumbua, ndipo tukaweka sheria kwamba deni halivuki mshahara unaofuata. Lakini hakuna dumu lililorudi likinuka, na mashudu yalilipa gharama ya kukamua. Mwaka wa pili yule mama wa mbuzi alileta magunia yake mawili. Alisema tu, "Safari hii nimeuliza mwenyewe kwa walimu kwanza."

Fanya hesabu kabla ya kuchagua ujazo

Nitatoa mfano. Namba hizi ni za kujifunzia, si bei ya soko la leo. Weka zako.

Gunia la alizeti tuseme limekugharimu sh. 60,000. Kukamua sh. 6,000, usafiri sh. 4,000. Jumla sh. 70,000. Umepata lita 16 za mafuta na kilo 35 za mashudu. Mashudu umeyauza sh. 400 kwa kilo, sawa na sh. 14,000. Toa kwenye gharama, inabaki sh. 56,000. Gawanya kwa lita 16: kila lita imekugharimu sh. 3,500.

Ukiuza kwenye dumu la lita 20 ambalo mteja ameleta mwenyewe, likiwa safi na kavu, kwa sh. 80,000, unapata sh. 4,000 kwa lita. Faida ni sh. 500 kwa lita, yaani sh. 10,000 kwa dumu.

Ukiuza kwenye chupa za nusu lita, chupa sh. 400 na lebo sh. 150, kila lita inakula chupa mbili, sawa na sh. 1,100. Gharama imefika sh. 4,600 kwa lita. Duka likikupa sh. 2,300 kwa chupa, umepata sh. 4,600 ile ile. Umefanya kazi bure, na chupa moja ikirudi umepata hasara. Chupa ndogo inapendeza, lakini mtu anayelipwa hapo ni muuza chupa.

Angalia tena mashudu. Baadhi ya mashine zinakamua kwa bei ya chini au bure, halafu mwenye mashine anabaki na mashudu. Uliza kabla ya kushusha gunia: mashudu ni ya nani? Kwenye mfano wetu yana thamani ya sh. 14,000 kwa gunia. Hiyo si takataka.

"Lakini sisi wadogo, soko ndilo linatuamulia"

Hili nalisikia kila mkutano, na silipuuzi. Bei ya mafuta ya kula hapa nchini inavutwa na mafuta yanayoagizwa kutoka nje na ushuru unaowekwa juu yake. Msimu wa 2023 bei ya mbegu za alizeti ilianguka vibaya, na waliolima kwa kufuata bei nzuri ya mwaka uliotangulia waliumia. Hakuna mkakati wa kwenye daftari unaoweza kuzuia meli bandarini.

Lakini mkakati unakuambia ugomvi upi usiingie. Ukiuza mbegu ghafi kwa mlanguzi, au mafuta ya kupima dukani, bei yako inashindana moja kwa moja na ya meli ile. Ukimuuzia mwalimu anayeogopa kuchakachuliwa, unauza mafuta pamoja na uaminifu, na uaminifu hauji kwa meli. Bei ya soko ikianguka na wewe utayumba, ila hutaanguka kwa kipimo kile kile.

Wengine wananiambia, "Mkakati ni wa watu wenye mitaji." Mimi naona ni kinyume. Kampuni kubwa ikikosea bidhaa inafunga idara moja na kuendelea. Wewe ukikosea unauza mbuzi. Mwenye kidogo ndiye anayehitaji kuchagua kwa makini zaidi.

Na kwenye suala la TBS, sisemi ukwepe sheria. Tangu 2019 shughuli za usalama wa chakula zilizokuwa chini ya TFDA zimehamia TBS, kwa hiyo vyakula na alama ya ubora vyote viko kwao. Anzia ofisi ya SIDO ya mkoa wako, wana utaratibu wa kuwatambulisha wajasiriamali wadogo TBS. Ila ukiwa umechagua bidhaa moja na ujazo mmoja au mawili, kazi ya kufuata taratibu ni nyepesi kuliko ukienda na bidhaa sita ambazo hujui ipi itanunuliwa.

Kazi ya kufanya kabla ya mavuno

Haya yanafaa kwa alizeti, na yanafaa kwa mayai, nyanya, asali, karanga, hata kwa mwenye duka anayejiuliza aongeze bidhaa gani.

1. Tembelea wanunuzi kumi wa aina tofauti. Usiwaulize "mtanunua?" Kwa adabu zetu mtu atasema ndiyo ili asikuvunje moyo. Muulize alichofanya mara ya mwisho: alinunua wapi, kiasi gani, kwa bei gani, na nini kilimkera.

2. Sikiliza kero inayojirudia. Watu watatu wakikuambia kitu kimoja bila wewe kuwaongoza, kiandike. Hapo ndipo bidhaa yako inaanzia.

3. Chagua mnunuzi mmoja. Mchague kwa mambo mawili: kero yake unaiweza, na fedha yake inafika mkononi mwako kwa wakati. Mnunuzi mzuri anayelipa baada ya siku 45 si mzuri kwako kama huna mtaji wa kusubiri.

4. Andika ahadi yako kwa sentensi moja. Kama haitoshei kwenye sentensi moja ambayo mtoto wa darasa la nne anaielewa, bado hujaamua.

5. Andika mambo matatu usiyoyafanya mwaka huu. Yabandike ukutani. Siku mteja wa mkupuo akija utashukuru.

6. Jaribu kidogo. Magunia mawili, si ishirini. Tumia dumu na kalamu ya wino kabla ya mchapaji. Ukiona watu wamerudi kununua mara ya tatu bila kubembelezwa, ndipo uchape lebo.

7. Kaa chini kila msimu ukiisha uupitie ukurasa wako. Kilichokataliwa mwaka huu huenda wakati wake umefika.

Na kwa wauza alizeti, mambo mawili ya nyongeza. Kwanza, acha mafuta yatulie hadi mashapo yazame, yachuje, yaweke kwenye chombo kikavu kilichojaa, mahali penye kivuli. Meza ya barabarani weka dumu tupu la maonyesho, mafuta yenyewe yabaki ndani. Pili, mteja akiwa na wasiwasi, mwambie aweke kidogo kwenye friji. Alizeti halisi yanaweza kuwa na ukungu kidogo lakini hayagandi, wakati yenye mawese mengi huanza kuganda. Kipimo hiki hakigundui kila uchakachuaji, lakini muuzaji anayekualika umpime anajiamini.

Kwa hiyo, ukija ofisini kwangu msimu huu, karibu sana. Lebo iache nyumbani. Njoo na daftari lenye maneno ya watu kumi uliowauliza, tukae tusome pamoja walichosema. Kama uko mbali, afisa ugani wa kata yako yupo kwa kazi hiyo hiyo. Mwambie akusindikize kwa wanunuzi wawili wa kwanza, na akikataa mwambie nimekutuma mimi.

Nawatakia mavuno mema.